Samaki Walionuka Petroli

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi, mwaka 2019, saa mbili na robo asubuhi. Dotse anaikumbuka saa hiyo kwa sababu redio ilikuwa imewashwa. Waziri mmoja alikuwa akiwaahidi watu wa Ziwa Volta boti mpya za kisasa. Kabla waziri hajamaliza, injini ya mashua ilikohoa mara tatu. Kisha ikanyamaza. Waziri akabaki anaongea peke yake katikati ya maji.

Alhamisi ni siku ya soko la Kpedome. Wanawake wa kijiji cha Adzokofe huamka alfajiri, hupanga samaki wa moshi kwenye vikapu, kisha huvuka ziwa. Barabara ya kwenda Kpedome ipo. Ipo kwenye ramani. Wakubwa walikuja wakaichora, wakapigwa picha, wakala perege wa kukaanga, wakaondoka. Kwa hiyo watu wanavuka kwa maji, kama babu zao.

Mashua ilikuwa ya Dotse mwenyewe. Aliijenga uani kwake kwa mbao za mvule, kwa miaka miwili. Majirani walipomcheka, aliandika jina ubavuni kwa rangi nyekundu: SUBIRI UONE. Injini ilinunuliwa kwa jasho la mke wake, Akpene. Mama huyo alikausha samaki miaka sita mpaka macho yakawa mekundu kwa moshi. Watu humwita Mama Sena, kwa jina la binti yao aliyeolewa mjini.

"Dotse, kuna nini tena?" aliuliza Mama Dzigbordi.

Mama Dzigbordi ndiye mkuu wa wanawake wa samaki. Akisema pandeni, wanapanda. Akisema shukeni, hata mwenye mashua anashuka.

"Injini inapumzika kidogo, mama."

"Inapumzika? Mimi nina miaka sitini na minane, sijapumzika bado."

Wanawake wakacheka. Dotse hakucheka. Alishika pampu ya mkono, ile ya mpira iliyo kwenye bomba la kupeleka petroli kwenye injini. Kwa kawaida ukiiminya inajaa tena, inakuwa ngumu kama embe bichi. Leo ilibonyea, ikabaki imebonyea. Akavuta kamba ya kuwashia. Akavuta tena. Akafungua plagi, akaipuliza, akairudisha. Akavuta mpaka bega likauma.

Ghafla ukasikika mlio mbele ya mashua, chini ya sakafu. Gubu! Kama mtu aliyepiga teke debe tupu.

"Nani amepiga teke?" Dotse aliuliza.

"Teke gani, na miguu yetu iko juu ya vikapu?" alijibu Akpene.

Upepo ukaanza kuwasukuma kuelekea kwenye visiki. Chini ya ziwa lile kuna misitu mizima. Bwawa lilipojengwa, maji yalipanda juu ya miti. Walioamua mambo hawakuona haja ya kuikata. Umeme ukaenda mbali, visiki vikabaki kwetu. Kisiki kimoja kinatosha kupasua mashua.

Mama Dzigbordi hakungoja kuambiwa. "Vifuniko vya masufuria, nje! Pigeni maji!" Wanawake kumi na wanne wakapiga makasia kwa vifuniko na sahani. Wakaimba ili mikono iende pamoja. Mashua ikakaa mbali na visiki mpaka Gamor alipofika na mashua yake. Gamor alikuwa mshindani wa Dotse wa siku nyingi. Aliwarushia kamba, akasoma jina ubavuni kwa sauti.

"Subiri Uone. Haya, tumesubiri. Tumeona."

"Vuta kamba, Gamor," alisema Dotse. "Mdomo utavuta baadaye."

Walifika Kpedome saa sita. Malori ya wanunuzi yalikuwa yameshaondoka. Wanawake walirudi na vikapu vilevile, vizito vilevile.

Jioni Mama Dzigbordi alikuja nyumbani kwa Dotse. Alikataa kiti. Mtu akikataa kiti, ujue maneno ni mafupi.

"Alhamisi mbili zilizopita, samaki wetu walinuka petroli," alisema. "Mnunuzi kutoka Accra aliniuliza kama tumewavua kwenye kituo cha mafuta. Mbele ya watu. Leo hawakunuka, lakini hatukufika. Sasa nichague lipi, Dotse? Samaki wanaonuka, au samaki wasiofika?"

Dotse alitazama miguu yake.

"Alhamisi ijayo tunapanda ya Gamor. Ile inayofuata, tarehe ishirini na nane, tutakuja kwako mara ya mwisho. Nitanusa kwa pua yangu hii. Nikisikia petroli, au injini ikisimama, tumemalizana."

Alipoondoka, Akpene alianza kupiga hesabu. Bila wanawake wa samaki, mashua haina kazi. Bila kazi, injini itauzwa, na mvule wa miaka miwili utakuwa banda la kuku.

"Kesho naenda kumwita Mawusi," alisema.

"Mawusi yule wa kuchomelea mageti?"

"Huyohuyo. Alifanya kazi miaka tisa kwenye karakana ya boti kule bandarini Tema. Amerudi kumtunza mama yake, na ninyi mnampelekea majembe tu."

"Mwanamke atajua nini kuhusu tangi la mashua?"

"Na wewe mwanaume ulijua nini?"

Dotse alivuta sahani yake, akala.

*

Mawusi alifika Ijumaa asubuhi. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imejaa alama za cheche. Hakugusa kitu. Kwanza aliuliza.

"Kaka Dotse, injini ilipozima, pampu ya mkono ilikuwaje?"

"Imebonyea kama puto la juzi."

"Ukasikia mlio?"

"Gubu."

"Hebu tuone."

Dotse aliinua mbao za sakafu ya mbele. Tangi lilikuwa pale, la bati zito, lita sitini. Alilitengeneza ili aachane na madumu yaliyokula nafasi ya abiria. Sehemu ya juu ilikuwa imeingia ndani kama sahani. Juu ya kifuniko palikuwa na kipande cha sabuni kilichogandamizwa, na kando yake mpira wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa pande zote.

"Sabuni hii ni ya kuogea au ya kufulia?" aliuliza Mawusi.

"Ya kufulia."

"Basi umelifua."

Akpene alicheka mpaka akashika ukingo wa mashua. Dotse akajitetea.

"Nisikilize, mdogo wangu. Mwanzoni nilitoboa tundu dogo kwa msumari juu ya kifuniko. Injini ilikwenda vizuri. Lakini harufu ikaingia kwenye samaki. Samaki wa moshi anavuta harufu kama shuka. Nikasema, nikiziba tundu, harufu itakwisha. Jumatano jioni nikaziba. Na harufu ikaisha."

"Harufu iliisha, na pumzi ikaisha," alisema Mawusi. "Lakini hukuwa mjinga. Ulikuwa na shida ya kweli, ukaitafutia dawa. Dawa ndiyo haikuwa yenyewe. Mama Sena, una kopo la maziwa ya chai?"

Akpene alileta kopo ambalo halijafunguliwa. Mawusi alilitoboa tundu moja kwa msumari. Akaliinamisha juu ya kikombe. Maziwa yakatoka tone. Tone jingine. Yakasimama.

"Limejaa, lakini halitoki. Kwa nini?"

"Umetoboa tundu moja," alisema Akpene. "Kopo linatobolewa mawili."

"Kwa nini mawili?"

Akpene alilitazama kopo. "Tangu nizaliwe natoboa mawili. Sijawahi kujiuliza."

"Na mimi tangu nizaliwe nakunywa," alisema Dotse.

Mawusi akatoboa tundu la pili. Maziwa yakatiririka.

"Tundu moja ni la maziwa kutoka. La pili ni la hewa kuingia. Kinachotoka lazima kiachie nafasi yake kwa kitu kingine. Injini inanyonya petroli kwenye tangi. Hewa isipoingia, tangi linabana. Litabana mpaka bati liingie ndani. Gubu! Injini inanyonya, haipati kitu, inazima. Ukivuta kamba mpaka kesho, haitawaka. Injini yako haina ugonjwa wowote. Ina kiu."

Aling'oa sabuni. Tangi likavuta hewa, fyuuu, kwa muda mrefu.

"Basi tundu langu la msumari lilikuwa sawa," alisema Dotse, sura ikimchangamka.

"Kwa tangi lilikuwa sawa. Kwa watu lilikuwa hatari. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauendi juu kama moshi wa kuni. Unashuka, unalala chini ya mbao, unatulia. Huuoni. Unajaa ndani ya mashua kama maji, na hakuna anayeuchota na kuumwaga."

"Ukishajaa?"

"Unangoja cheche."

Akpene aliacha kucheka. Akaweka kikombe chini.

"Uji," alisema.

"Uji gani?"

"Kila Alhamisi tunapika uji njiani. Jiko la mkaa tunaliweka hapa." Alionyesha kwa kidole. Palikuwa hatua mbili kutoka kwenye tangi. "Watu kumi na sita, Mawusi. Alhamisi mbili."

Dotse alikaa juu ya benchi la mashua yake. Aliwaza kwamba yeye amelipa leseni kila mwaka. Amepigwa muhuri. Amegongewa namba ubavuni. Watu wenye sare wamepanda mashua hii, wakaulizia karatasi, wakashuka. Hakuna hata mmoja aliyeinua ubao wa sakafu. Karatasi yake ilikuwa salama sana. Watu ndio hawakuwa salama.

"Tufanyeje?" aliuliza mwishowe.

"Tangi lipumue," alisema Mawusi, "lakini lipumulie nje."

*

Kwanza waliisogeza mashua mbali na majiko ya samaki. Walinyonya petroli yote kwa pampu, wakaitia kwenye madumu, wakayafunga na kuyaweka kivulini. Kisha wakafungua kifuniko kikubwa cha juu, kile kilichofungwa kwa boliti. Ule mpira wa tyubu ulikuwa umevimba na kulainika kama uyoga wa mvua.

"Petroli inakula mpira wa tyubu," alisema Mawusi. "Tutaweka gasketi, mpira wa kuzibia usioliwa na petroli. Hii mpe kuku achezee."

Dotse alikuwa amepata ari ya kazi. "Haya, lete mashine yako ya kuchomelea. Tuchomelee bomba hapahapa juu ya tangi."

Mawusi alirudi nyuma hatua moja.

"Kaka, sikiliza vizuri. Tangi lililokwisha kunywa petroli halichomelewi kienyeji. Hata likiwa tupu. Tena likiwa tupu ndiyo baya zaidi, maana limejaa mvuke. Kule Tema nilimzika rafiki yangu aliyelipukiwa na tangi tupu. Nitachomelea kifuniko peke yake, kikiwa kimeoshwa na kukaushwa, kule kwenye banda langu. Tangi libaki hapa."

"Sawa, fundi," alisema Dotse. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita fundi. Akpene alisikia, akageuka kando ili asionekane akitabasamu.

Dotse aliliosha tangi kwa maji na sabuni mara tatu. Safari hii sabuni ilikuwa na kazi yake. Wakalijaza maji mpaka juu kuona kama mkunjo ule umelipasua. Halikuvuja. Wakalimwaga, wakaliacha likauke vizuri.

Mawusi aliweka kidomo cha shaba cha kuchomekea bomba kwenye kifuniko, upande ulio juu kuliko pande zote.

"Kwa nini hapo?"

"Hewa hukaa juu, petroli hukaa chini. Ukiweka bomba chini, mashua ikiinama petroli itamwagika nje."

Ikabaki bomba lenyewe. Dotse alileta mpira wa kumwagilia bustani, wa kijani, mpya kabisa.

"Mzuri," alisema Mawusi. "Mwagilia nyanya."

"Mpira ni mpira, fundi."

"Huu ukikaa na petroli miezi mitatu utakauka na kupasuka. Ukipasuka ndani ya mashua, umerudi kwenye uji na cheche. Nimeagiza mpira wa petroli kutoka Tema. Una maandishi ubavuni. Upana wake wa ndani ni kama kidole gumba. Ukiwa mwembamba mno, tangi litapumua kama mtu mwenye mafua."

Mpira ulifika Jumamosi ya wiki iliyofuata, kwa dereva wa lori la viazi vikuu. Hapo katikati ilipita Alhamisi moja. Dotse alisimama ufukweni akiwaangalia wanawake wakipanda mashua ya Gamor. Akpene naye alipanda, maana samaki hawajui ugomvi wa wanaume. Gamor alimpungia Dotse mkono kwa madaha. Dotse naye akampungia, meno ameyakaza.

Mpira ulipofika, walianza kuufunga. Mawusi aliutoa kwenye kidomo cha tangi, akaupandisha ubavuni kwa ndani, juu, juu, mpaka chini kidogo ya ukingo wa mashua. Pale akaukunja kama shingo ya bata, ukashuka kidogo na kutokea nje.

"Wimbi likipiga," alisema, "maji hayawezi kupanda shingo ya bata. Yanaanguka yalikotoka. Na mdomo wa nje unatazama chini na nyuma. Usitazame mbele, utakunywa ziwa."

Mdomo ule ulikuwa juu sana ya maji, na mbali na mwanya wowote wa kuingia ndani. Ndani ya mdomo Mawusi aliweka wavu mwembamba wa shaba.

"Wavu huu unazuia moto wa nje usiingie ndani. Tena unazuia nyigu. Nyigu wa udongo akiona tundu, anadhani ni nyumba ya kupanga. Kila mwezi uutazame. Ukizibika, usafishe."

Kila mwisho wa mpira ulifungwa kwa vibano viwili vya chuma. Mpira ulikuwa unapanda mpaka kwenye shingo ya bata, bila kulegea mahali popote.

"Usiuguse," alisema Mawusi. "Uache hivyohivyo."

*

Dotse aliugusa.

Hakuugusa kwa ubaya. Jumatatu jioni aliona mpira umepita karibu na mahali pa vikapu. Akafikiri, kikapu kitaukwaruza. Basi akafungua kamba iliyoushikilia katikati, akaushusha chini ya benchi, akaufunga tena kwa ustadi. Ulipendeza. Ulikuwa na tumbo kidogo katikati, kama kamba ya kuanikia nguo. Lakini nani anatazama tumbo la mpira?

Jumanne wakatia petroli kwa majaribio. Zamani, tangi lilikuwa likitema petroli usoni mwa Dotse kila alipolijaza, kwa kuwa hewa ya ndani haikuwa na njia nzuri ya kutoka. Sasa lilikunywa taratibu. Dotse alifurahi akalijaza mpaka shingoni. Yeye na Akpene wakatoka ziwani, wawili tu. Asubuhi ilikuwa nzuri. Akpene alikaa mbele kama malkia, kitambaa kinapepea.

"Baba Sena, unakumbuka safari yetu ya kwanza?"

"Ulitapika."

"Sikutapika. Nilitema mate."

"Ulitema mate ya chakula cha jana."

Hapo injini ikakohoa.

Ikakohoa tena. Ikazima. Dotse hakuvuta kamba. Alifanya jambo ambalo wiki mbili kabla asingelifanya. Aliinama, akashika pampu ya mkono.

"Imebonyea," alisema. "Hewa haiingii. Tangi lina kiu... hapana, injini ina kiu." Akaufuata mpira kwa macho, kutoka kwenye tangi kwenda juu. Macho yakafika chini ya benchi. Yakaliona lile tumbo.

"Mama Sena."

"Mh."

"Kuna mtu ameugusa mpira."

"Nani?"

"Mtu mmoja mzuri tu. Anapenda usafi."

Akpene alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Kisha akacheka, na Dotse akacheka, katikati ya ziwa, injini imezima. Waliurudisha mpira juu kama ulivyokuwa. Petroli iliyokuwa imekwama tumboni, karibu nusu kikombe, ikarudi ndani ya tangi. Ilikuwa imeziba njia ya hewa kama tope kwenye mfereji. Dotse aliminya pampu. Ikajaa, ngumu kama embe bichi. Kamba moja, injini ikaunguruma.

Alikwenda kwa Mawusi moja kwa moja, kofia mkononi, akakiri.

"Nilijua," alisema Mawusi. "Kila mteja anaugusa mara moja."

"Mbona hukuniambia kwamba nitaugusa?"

"Nilikwambia usiuguse. Sasa umejifunza mwenyewe, hutasahau. Na usijaze tangi mpaka shingoni. Acha nafasi. Jua likiwaka petroli inavimba, itapanda kwenye mpira."

Kuhusu vikapu, Mawusi alipiga ubao mwembamba mbele ya mpira, uwe ngao. Dotse akajiuliza kwa nini yeye hakufikiria ubao.

*

Alhamisi tarehe ishirini na nane, wanawake walikuta mashua tayari. Dotse alikuwa ametia petroli kabla hajapanda mtu yeyote. Jiko la mkaa halikuwepo. Akpene alikuwa amepika uji nyumbani, akautia kwenye chupa tatu kubwa za chai.

Mama Dzigbordi alipanda wa kwanza, peke yake. Akaenda mbele. Akainama kwa shida, mkono kiunoni, akapeleka pua kwenye mbao za sakafu. Akanusa. Akahamia upande wa pili, akanusa. Wanawake ufukweni walisogea karibu. Gamor naye alichungulia kutoka kwenye mashua yake, kamba mkononi.

"Inua hizi mbao," alisema Mama Dzigbordi.

Dotse akainua. Mama akanusa tena, kichwa kimeingia ndani mpaka kilemba kikaanguka.

"Nasikia harufu," alisema.

Dotse akazikumbatia mbao alizoinua.

"Nasikia harufu ya rangi mpya na jasho la mwenye mashua. Pandeni."

Kelele zilizopigwa pale ziliwaamsha mbuzi. Vikapu vikapakiwa kwa mstari, mkono kwa mkono. Injini ikashika kwa kamba ya kwanza. Nusu saa, injini inakwenda. Wakapita pale ilipozimika siku ile, na Mama Dzigbordi akapiga makofi mara moja. Mwanamke mmoja akaanzisha wimbo wa kupigia makasia. Wengine wakaitikia, ingawa hakuna aliyekuwa na kasia. Uji ulinywewa ukiwa moto. Saa tatu kasoro walikuwa Kpedome, na malori bado yalikuwa yakipanga foleni.

Mnunuzi wa Accra alikuja, yule wa maneno ya kituo cha mafuta. Alichukua perege mmoja wa Akpene. Akamnusa kichwani, akamnusa mkiani. Akamvunja, akamnusa katikati. Akatia kipande mdomoni, akatafuna polepole, kana kwamba analipwa kwa kutafuna.

"Moshi wa kuni gani huu?" aliuliza.

"Wa kwetu," alijibu Akpene.

"Nipe kikapu chote. Na cha mwenzako. Na cha yule mama aliyenikasirikia siku ile."

"Sijaacha kukukasirikia," alisema Mama Dzigbordi. "Lakini chukua."

Kabla ya saa sita vikapu vyote vilikuwa vitupu. Dotse alikuwa amekaa ukingoni mwa mashua, anakula wali na maharage, anawasimulia watu habari za kopo la maziwa. Alisimulia kama yeye ndiye aliyeligundua. Mawusi, aliyekuja kununua vifaa, alimwacha asimulie.

Gamor alikuja polepole, akasimama kando. Akasafisha koo.

"Kaka Dotse."

"Ndugu yangu Gamor."

"Tangi la kwangu nalo linanuka."

"Nimesubiri useme," alisema Dotse. "Nimeona."

Gamor akakubali kuchekwa, maana alistahili. Dotse akamsogezea sahani. Kisha wakaenda pamoja kuinua mbao za mashua ya Gamor. Chini yake walikuta tundu la msumari, kama lile. Katika mashua ya jirani walikuta kitambaa kimechomekwa. Katika nyingine, gunzi la muhindi. Ya nne haikuwa na tundu hata moja, na mwenyewe alikuwa akijisifu kwamba tangi lake halipotezi hata tone. Mawusi alipita akichora alama ya chaki kwenye kila mashua yenye tangi la hatari. Alipomaliza gati lote, alikuwa amechora ishirini na tatu. Mashua zilikuwa ishirini na saba.

"Nitahitaji msaidizi," alisema.

"Mimi naweza kushika mpira," alisema Dotse.

"Wewe? Utaugusa."

Wanawake walikuwa wanajipanga kurudi nyumbani. Hapo akaja kijana wa mamlaka ya usafiri wa majini, mwenye fulana inayong'aa na daftari gumu. Alianza kuwanyooshea kalamu, mmoja mmoja. Kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita. Akaandika. Akageuka aende kwenye mashua nyingine.

"Mwanangu," Mama Dzigbordi alimwita, kwa upole. "Kila Alhamisi unatuhesabu vichwa. Asante, tunajua tuko wangapi. Lakini tazama hizo chaki. Matangi mtayakagua lini?"

Kijana alizitazama chaki. Akafungua daftari, akapekua ukurasa wa mbele, akapekua wa nyuma. Hakuwa mbaya, kijana wa watu. Alitafuta kweli.

"Humu hakuna nafasi yake, mama," alisema.

"Najua haimo," alisema Mama Dzigbordi. "Nauliza, lini?"